Jina la Mama Katika Daftari la Bustani

Nilipokuwa nikihamisha vitu vya mama kutoka nyumba ya zamani kwenda nyumba mpya, ile niliyomjengea mimi mwenyewe kwa mawe ya machimbo ya Mlolongo, vyumba vitatu na veranda, nilikuta ndani ya mkebe wa majani ya chai kile kipimo chake cha maji. Wenzangu waliokulia kwenye miteremko ya Kangundo wanakijua. Ni kichupa cha urefu wa kidole, kimevishwa bati, kina kulabu mbili za kukining'iniza kwenye kamba, na ndani yake mna maji ya manjano na kiputo kimoja cha hewa. Tulikiita pima maji. Nilikinusa. Kilinuka majani ya chai na kutu. Nikiwa mdogo nilidhani ni dawa ya macho ambayo mama hakutaka kutugawia, kwa sababu kila alipokitazama alifumba jicho moja.

Leo mimi ni mtu wa maji. Nina diploma ya umwagiliaji. Nimefanya kazi Doha, nikasimamia wanaume wa nchi nne wakitandaza mabomba kwenye bustani ambazo ukianza kuzitembea asubuhi, saa ya chakula cha mchana hujafika mwisho wake. Nilirudi kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa kama wengine. Sasa nina duka la mabomba sokoni Tala, na jina lililoandikwa juu ya mlango ni langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu. Wapo wanaosema hivyo kwa mdomo tu. Mimi nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Isipokuwa sehemu moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya niketi kwenye sakafu mpya na mkebe mapajani. Kuna siku moja ya utoto wangu ambapo mama alikaribia kupata kazi ya mshahara mjini Machakos, kazi ya maji kama yangu. Aliyeizuia ni mimi. Na miaka yote hiyo mama hakujua.

Mama alikuwa katika kikundi cha wanawake kumi na wanne. Kwetu kikundi cha namna hiyo kinaitwa mwethya: leo mnachimba shambani kwako, wiki ijayo kwangu, hakuna anayelipwa na hakuna anayebaki nyuma. Kazi yao kubwa ilikuwa mitaro ya kukinga maji. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na mvua ikinyesha maji yanasimama mle badala ya kukimbia na shamba lako hadi mtoni. Ila mtaro lazima ulale sawasawa. Ukiinama kidogo tu, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kuuvunja. Aliyehakikisha mtaro umelala alikuwa mama. Wawili walishika vijiti, kamba ikavutwa katikati, pima maji ikaning'inizwa, naye akafumba jicho moja. Alipofika shamba jipya, kabla hata kamba haijafunguliwa, alikuwa ameshajua maji yatakwenda wapi. Shule aliishia darasa la nne.

Mwaka ule, badala ya kugawana sukari na unga kama kawaida, mwenyekiti wao Mama Nduku alisimama mbele ya wenzake akasema, "Mwaka huu tunaenda utalii."

"Utalii gani?" wakamuuliza.

"Wa kuona. Wazungu wanatoka kwao wanakuja kuona simba. Na sisi tutatoka hapa tuende Machakos tuone nyasi. Nasikia pale kwa bustani kubwa, karibu na bwawa, kuna nyasi haijawahi kuonekana."

Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu, lakini hakuna aliyekataa. Mama Nduku akaweka sheria. Siku ya utalii hakuna kubeba jembe, wala panga, wala gunia. Hakuna kuokota kuni. Atakayefanya kazi yoyote, faini ni kilo moja ya sukari.

Mtoto aliyechukuliwa ni mimi peke yangu. Nilikuwa darasa la tano, nilikuwa namba moja, na hadi namaliza shule ile sikuwahi kuwa namba mbili. Walihitaji mtu wa kuwasomea vibao. Nami nilikuwa na sababu zangu. Mama alikuwa ameniahidi kwamba tukifika tutapanda mashua kwenye bwawa, na tayari nilikuwa nimelitangazia darasa zima.

Tulikwenda na basi la kukodi kupitia Mitaboni, nyimbo za kanisa mwanzo hadi mwisho. Tulipofika langoni, Mama Nduku alivaa miwani myeusi ya mwanawe. Ilikuwa mikubwa mno, akawa anaishika kwa kidole kimoja isianguke.

"Karibuni akina mama," askari wa lango alisema. "Mmetoka wapi?"

"Sisi ni watalii," Mama Nduku akamjibu.

"Watalii wa kutoka wapi?"

"Kangundo."

Askari akauma mdomo asicheke. "Haya basi, watalii. Kabla hamjaingia, someni hicho kibao."

Kazi yangu ilikuwa imefika. Nikasogea mbele nikasoma kwa sauti ya kusimama gwaride. Usichume maua. Usioge wala kufua bwawani. Usiharibu wala kubadilisha kitu chochote. Atakayepatikana atachukuliwa hatua za kisheria.

"Hatua za kisheria ndiyo nini?" mmoja wao akauliza.

"Ni kufungwa," nikasema, kama mtu aliyewahi kuhukumu. Kisha kila mmoja akatia sahihi kwenye kitabu cha askari, mama kwa herufi zake za polepole zilizopinda.

Hapo lazima niseme jambo moja, la sivyo hamtanielewa. Miezi michache kabla ya siku ile, baba wa rafiki yangu alikamatwa mtoni akipakia mchanga kwenye lori. Polisi hawakumchukua siku hiyo. Waliandika tu jina lake kwenye daftari, namba ya kitambulisho na namba ya simu, wakamwacha aende. Alirudi nyumbani akicheka, akala, akasema hakuna kitu. Baada ya wiki mbili simu ikapigwa: aje aongee na mkubwa. Akaenda. Alirudi baada ya miezi mitatu amekonda, kichwa kimenyolewa, na tangu hapo hakupenda kuongea. Sisi watoto wa kijiji kile tulijua mpangilio wa mambo hayo kuliko tulivyojua jedwali la kuzidisha. Kwanza daftari, halafu kimya, halafu simu.

Ndani ya bustani kulikuwa kijani kitupu. Nimeona bustani nyingi tangu siku hiyo, na kwa haki kabisa nimeona kubwa zaidi, nyingine nikazinywesha kwa mikono yangu, lakini hakuna iliyonipiga kifuani namna ile. Nilikuwa sijawahi kuona nyasi zikiwa za urefu mmoja. Zilikuwa zimelazwa kwenye miteremko kama blanketi, hadi chini kwenye maji. Kulikuwa na chemchemi inayorusha maji juu na kuyaacha yaanguke tu. Kulikuwa na watu wa Nairobi na Syokimau, watoto wao wamevaa viatu vyenye taa, wazazi wao wakipigana picha.

Halafu tukaona vinyunyizio. Vilikuwa vinazunguka, chaka chaka chaka, vikitupa maji kwa upinde, kisha vinarudi vilikotoka na kuanza upya. Harufu ya udongo uliolowa ikatufikia, harufu ambayo sisi tulizoea kuipata mara mbili kwa mwaka, na katikati ya miezi hiyo tuliingoja. Wanawake wote kumi na wanne wakasimama. Hakuna aliyeimba. Mama alikuwa anahesabu kwa midomo, na nilijua anahesabu mitungi.

"Ng'ombe wa hapa ni wa nani?" Mama Nduku akamuuliza kijana aliyekuwa akifagia majani.

"Hakuna ng'ombe hapa, mama."

"Mbuzi?"

"Hakuna."

"Sasa hii nyasi ni ya nini?"

"Ni ya kuangaliwa."

Mama Nduku akafikiria kidogo, akatandika leso yake, akakaa. "Basi tuiangalie," akasema. Wote wakaketi mstari mmoja, miguu imenyooshwa mbele, wakaiangalia nyasi. Mmoja aling'oa jani moja kwa siri akalitafuna, akasema halina utamu wowote, kumbe maji yote yale yanaishia kwenye kitu kisicho na utamu. Mwingine akasema afadhali hilo jani kuliko mumewe. Walicheka hadi watu wa Nairobi wakageuka. Tulikula pale pale, isyo ya mahindi na maharagwe kutoka kwenye ndoo, chapati, na chai ya chupa. Mama alivua viatu. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu ambapo nilimwona mama amekaa mchana bila kuwa na kitu mkononi, hata mahindi ya kupukuchua.

Baada ya kula nikaanza kumvuta. "Mwaitu, mashua." Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba. "Mwaitu, mashua watafunga."

"Twende basi, kabla hujanitoa mkono."

Tukashuka wote kuelekea bwawani. Nusu ya njia, kwenye mteremko wa kando, kulikuwa na vijana watatu wanachimba kitanda kipya cha maua. Walikuwa wamevuta kamba kati ya vijiti viwili na wamechimba mtaro mfupi kuifuata.

Hapa pia lazima nieleze. Kwetu hupiti watu wanaochimba mtaro ukaendelea na safari yako kama hujaona. Hata ukiwa umevaa nguo za harusi, unashuka, unachota udongo kwa mkono mara moja, unautupa juu, unawatakia kazi njema, unaondoka. Si sheria iliyoandikwa. Ni aibu tu kupita. Wanawake walitazamana. Mama Nduku akashusha miwani.

"Mara moja tu," akasema. "Mara moja si kazi, ni salamu."

Wakainama mmoja mmoja na nguo zao nzuri, kila mmoja akachota udongo kiganja kimoja akautupa juu. Wale vijana walikuwa wa mjini, wakabaki vinywa wazi. Mama alikuwa wa mwisho. Akachota chake, akatupa, lakini hakuondoka. Alikuwa ameitazama kamba.

"Kijana wangu," akasema, "hii kamba yenu inamwaga maji kwa njia."

"Tumepima, mama."

"Mmepima na nini?"

"Na macho."

"Hata mimi naangalia na macho. Tofauti ni kwamba yangu imezeekea hii kazi."

Akafungua mkoba wake, mkoba wa kwenda kanisani, akaingiza mkono chini ya Biblia na leso, akatoa pima maji.

"Sukari!" Mama Nduku akapiga kelele. "Nasikia harufu ya sukari hapa! Mama Kyalo, umebeba kazi utalii!"

"Ulisema jembe," mama akamjibu, huku akiining'iniza kwenye kamba. "Ukasema panga, ukasema gunia. Hii ni gani kati ya hizo?"

"Hii ni ukora."

"Basi shika kijiti, mwenyekiti, tuone ukora unasema nini."

Kiputo kilikimbilia upande wa juu, mbali na njia, kikaganda huko. Hata vijana waliona. Mama Nduku akahamisha kijiti chake, mama akafumba jicho moja, akasema juu kidogo, chini, chini, hapo. Sijui nani alichukua jembe kwanza. Nilichoona ni viatu vya wanawake kumi na wanne vimepangwa kwenye nyasi na vijana watatu wamesimama pembeni kama wageni. Watalii wenyewe walikuwa ndani ya mtaro, wimbo wa kuchimba umeanza, mmoja anaitikia huku ameinua gauni kwa mkono mmoja. Watu wa Syokimau walikusanyika na simu zao. Msichana mmoja wa umri wangu, nywele zake zimesukwa kwa nyuzi za rangi, alimuuliza mamake, "Hawa ni wa shoo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Na juu ya aibu kulikuwa na woga. Usiharibu wala kubadilisha kitu chochote. Nilikuwa nimewasomea mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ndipo akaja mwanamume mmoja wa makamo, kofia pana kichwani, daftari kwapani. Vijana wakasimama wima. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa msimamizi wa kazi za pale, Bwana Musyoka. Wakati ule niliona kofia na daftari tu.

"Nani amesogeza hii kamba?" akauliza.

Wimbo ukakatika. Macho ya watu wote yalimwendea mama, na mimi nikajua tumeisha.

"Ni mimi," mama akasema. Akatoka mtaroni, akajifuta mikono kwa leso.

Yule bwana alichuchumaa, akachukua chupa ya maji ya kijana mmoja, akaimimina yote mle mtaroni, akangoja. Maji yakatandaa pande zote mbili, yakasimama. Hayakwenda popote. Akayatazama muda mrefu hadi yakaanza kunywewa na udongo.

"Nani alikufunza?"

"Mvua," mama akasema. Kisha akaona labda amejibu vibaya, akaongeza, "Na bwana mmoja wa kilimo. Alikuja zamani, akatuachia hii."

Bwana Musyoka akafungua daftari. "Jina lako kamili?"

Mama akalisema, akaongeza kwamba wengi humwita Mama Kyalo.

"Namba ya kitambulisho?"

Akaisema kwa moyo, polepole, kama anavyosali.

"Na ya simu?"

Akaisema. Yule bwana akaandika kila kitu, akafunga daftari. "Nitakupigia," akasema. Akagusa kofia yake, akaondoka.

Mama alibaki amesimama huku akitabasamu. Nililijua tabasamu hilo. Ndilo baba wa rafiki yangu alilorudi nalo kutoka mtoni.

Mashua hatukupanda. Tulipofika bwawani walikuwa wanazifunga kamba. Ndani ya basi nililia, na wanawake wote wakadhani ninalilia mashua, wakanipa maandazi. Mama Nduku alimuuliza mama yule bwana alitaka nini. "Ni mambo tu," mama akasema. Kwetu mtu hatangazi kazi ambayo hajaianza, ukiitangaza inakimbia. Alimwambia Mama Nduku siku nyingi baadaye. Mimi hakuniambia kabisa. Mtoto aambiwe ya nini?

Simu yetu ilikuwa ndogo ya vibonye, kaka yangu mkubwa, Kyalo, ndiye aliyeituma. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye msumari kando ya dirisha, kwa hiyo ndipo ilipotundikwa. Wiki ya tatu, Jumamosi, mama akiwa shambani kwa wenzake, ililia. Nikapanda kwenye kiti.

"Habari yako," sauti ya mwanamume ikasema. "Hapo ni kwa Mama Kyalo?"

Nikamuuliza yeye ni nani.

"Napiga kutoka bustani ya Machakos. Tunamtafuta yule mama fundi, yule wa kupima maji. Mwambie aje Jumatatu aongee na mkubwa."

Aje aongee na mkubwa. Maneno yale yale. Nikasema hapa si kwa huyo mama, umekosea namba. Nikakata. Mama alipiga simu kwa shida, lakini kufuta namba nilijua mimi, nikafuta.

Jumatatu ikapita. Jumanne jioni simu ikalia tena, mama akiwa amekwenda kuteka maji.

"Wewe mtoto," sauti ile ile ikasema, kwa upole tu, bila ukali, "nimeangalia namba, sijakosea. Mwambie mamako ni Musyoka. Asiogope kwamba hajasoma. Tunamtaka hivyo hivyo."

Mimi mengine yote sikuyajali. Nilisikia tunamtaka.

"Amekufa," nikasema.

Nilisikia vinyunyizio kule nyuma yake, au labda nimeviongeza baadaye kwa kuvipenda. "Pole sana, mtoto wangu," akasema mwishowe. "Pole sana." Hakupiga tena.

Nilijiona shujaa. Usiku huo nilikula vizuri. Nilikuwa nimemwokoa mama na jela, tena peke yangu, na sikumwambia ili asiishi na hofu.

Kisha nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaelewa. Mama hakuweza kwenda na simu shambani, maana huko hakukuwa na mtandao, wala hakuweza kuiacha. Alikwenda nusu ya njia, akarudi kuiangalia pale msumarini, akaenda tena. Aliniuliza, "Hakuna mtu amepiga?" Nikasema hakuna. Alifua ile sketi yake nyeusi ya kanisani katikati ya wiki. Wenzake walipojua, hawakumwacha. "Mama Bustani, wamepiga?" walimwambia kila wakikutana kisimani. "Mama Bustani, ukienda kunyunyiza nyasi utatusahau?" Jina likamganda. Alicheka nao. Ulikuwa utani wa kawaida wa wanawake wanaopendana, lakini mwaka ulipoisha nilikuwa nimeanza kuona kwamba anacheka akiwa ameangalia kando.

Nilielewa siku moja nikipepeta maharagwe nje ya jikoni. Mama na Mama Nduku walikuwa ndani.

"Lakini alisema atapiga," Mama Nduku alisema. "Nilimsikia na haya masikio."

"Aliona jinsi nilivyoandika sahihi kwa kitabu cha askari kule langoni," mama akasema. "Kazi ya serikali inataka karatasi. Mimi niko na nini? Niko na kichupa."

Ungo ulinitoka mkononi. Nakumbuka maharagwe yakibingirika chini ya mteremko wa ua, moja moja, na mimi nimesimama bila kuyakimbilia. Kwa hiyo ilikuwa kazi. Ningeweza kuingia jikoni wakati ule ule na kusema. Nilikuwa na umri wa kujua. Sikuingia.

Tangu hapo mama akawa na wimbo mmoja. Nikisinzia juu ya kitabu, "Tafuta karatasi." Nikitaka kuacha shule niende saluni na wenzangu, "Tafuta karatasi. Mimi nilijua kazi, na simu haikupigwa." Aliuza mbuzi, akachimbia watu mitaro ya kibarua, goti likaharibika. Nikapata karatasi. Siku ya kuhitimu alishika ile diploma kwa ncha za vidole na kusema, "Wewe watakupigia." Nami nikainama kama mtu anayepewa baraka, kumbe namwibia mara ya pili.

Nimesema nimejijenga mwenyewe, na sitayafuta maneno hayo. Jua la Doha limenipiga mimi. Ila jiwe la kwanza lilikuwa uongo wangu mwenyewe, na aliyelibeba ni mama.

Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata, baada ya kuhamisha vitu, nilimchukua na gari langu nikampeleka kwenye bustani ile. Nikamwambia ni utalii. Tulizunguka polepole kwa ajili ya goti lake. Nikamwonyesha mabomba yaliyofukiwa yanapita wapi, akaniuliza maswali ambayo wanafunzi wa diploma hawayaulizi. Tukaketi kwenye benchi juu ya mteremko. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Zilitoka sentensi nne.

"Mwaitu, yule bwana alipiga. Mimi ndiye nilishika. Nilidhani wanakufunga kama baba wa rafiki yangu. Nikamwambia umekufa."

Mama alikuwa anaangalia watoto waliokuwa wakibingirika kwenye nyasi. Nikaanza kuomba msamaha, nikaanza kueleza kibao na daftari, akainua mkono kunisimamisha.

"Nimekufa?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema pole sana."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamshika, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi akatafuta leso ya machozi. Halafu kicheko kikaisha, akanigeukia, uso wake ukiwa mtupu kabisa, uso ambao sikuwahi kuuona.

"Kwa hivyo alipiga," akasema.

"Alipiga."

"Mimi miaka yote nikijua hawakupiga."

"Alipiga mara mbili, mwaitu."

"Mara mbili." Akalirudia tena peke yake, chini chini. Kisha akaniuliza, "Alisema nini? Si vile unafikiria. Vile alisema."

Nikamwambia. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa taratibu, akatoa simu kwenye mkoba, simu nzuri niliyomletea, akampigia mwenyekiti wake. Hakujua kupunguza sauti, na watu wote wa mteremko ule wakamsikia.

"Nduku! Nduku, uko wapi? Weka chini hiyo ndoo. Weka chini kwanza! Walipiga, wewe! Bustani! Walipiga mara mbili!"

Sauti ya Mama Nduku ikapasuka ndani ya simu, sikushika maneno. Mama akamkatiza.

"Ngoja, nakupatia aliyeongea nao. Huyu, huyu wa diploma." Akaninyooshea simu. "Mwambie. Usiongeze, usipunguze. Mwambie vile alisema."

Nikaiweka sikioni. Mama aliegemea mbele, mikono magotini, akisubiri.

"Alisema hivi, Mama Nduku," nikasema. "Alisema, tunamtafuta yule mama fundi. Asiogope kwamba hajasoma. Tunamtaka hivyo hivyo."